Misalaba Ukutani mwa Kisima

Magoti ya Obiero Ogada yana rangi ya udongo wa Kericho, na sabuni ilishakubali yaishe. Alizaliwa katika laini, zile nyumba za kambi za wafanyakazi wa shamba la majani chai, baba yake akiwa ametoka upande wa ziwa kuja kuchuma. Vijana aliokua nao walishika vikapu vya chai au wakaingia kiwandani. Yeye alimfuata mjomba wake Owino shimoni. Leo ana miaka hamsini na minane na amechimba visima arobaini na vitatu, kuanzia Chepseon hadi ng'ambo ya Silibwet, na hakuna hata kimoja alichokitia pete za simiti za kushikilia ukuta.

Hilo la pete ndilo lililompa jina. Mafundi wa kule chini Soin, kwenye joto, hawashuki shimoni kabla ya kuteremsha pete, maana udongo wa kule hupasuka na kumwagika ovyo. Obiero aliwacheka kwa miaka mingi. "Udongo ya huku ni simiti ya Mungu," aliwaambia wenye boma, na wenye boma, kama binadamu wote wanaosikia kwamba simiti ni ya bure, walimwamini mara moja. Wala hakuwa akidanganya. Siku hizo mvua ilikuja saa nane mchana kama mtu aliyeajiriwa, ikanyesha, ikaenda zake, na kesho ikarudi. Udongo ule mwekundu ulikuwa na unyevu karibu mwaka mzima. Ukiukata ukuta, unasimama. Ukitoboa vishimo vya kukanyagia, vinashika mguu miaka na miaka.

Mjomba Owino alimwachia kanuni moja. Kabla ya kushuka, chukua konzi ya udongo kutoka kishimo cha kwanza, ikamue mkononi, irushe juu, idake. Ikibaki donge, shuka. Ikivunjika, chukua vyombo vyako uende nyumbani, hata kama mwenye boma amechinja kuku. Obiero aliifuata kanuni hiyo kwa uaminifu kama anavyofuata ibada ya Jumapili.

Naye aliongeza desturi yake mwenyewe. Kila aliposhuka kisima wakati wa kiangazi, alipofika pale ambapo udongo mkavu unaisha na udongo wa baridi unaanza, alichora msalaba ukutani kwa ncha ya sururu, na kando yake tarakimu mbili za mwaka. Hakuwa na sababu kubwa. Alipenda tu kuacha alama, kama vile mwashi anavyoandika jina lake kwenye simiti mbichi wakati hakuna anayemtazama.

Sasa nitasema jambo ambalo Obiero hakumwambia mtu, hata mkewe Celine. Kwa miaka mitatu amekuwa akiogopa. Simu ya mwenye kisima ikiingia, anaiacha iite kwanza kabla ya kuipokea. Usiku wa kuamkia kazi hali chakula. Celine anadhani ni vidonda vya tumbo na humnywesha maji ya kabeji, naye huyanywa bila kubisha, kwa kuwa ni rahisi kunywa kabeji kuliko kusema kwamba mchimba visima anaogopa kisima. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio. Obiero alilijua neno hilo, lakini kicheko ndicho alichokiogopa zaidi.

Simu ya mwisho ilitoka kwa Rodah, mjane wa miaka sabini mwenye chai kidogo na ng'ombe wawili nje ya Silibwet. Ilikuwa Februari, na mvua haikuwa imegusa ardhi tangu kabla ya Krismasi. Mvua yenyewe siku hizi ikija inakuja kwa hasira, inapiga mabati, inakimbilia mtoni na kuacha ardhi na kiu yake. Majani chai yalikuwa yamekunjamana, na katika kituo cha kununulia majani watu walikaa wakipiga gumzo kwa kukosa cha kupima.

"Fundi, ndoo inatoka na matope," Rodah alisema. "Ng'ombe imelala na kiu. Kuja unichimbie kidogo chini."

Obiero alikwenda na Kiptanui, mwenzake wa kamba kwa miaka thelathini. Kiptanui ni Mkipsigis wa hapo hapo Silibwet, mkulima, mtu mpole mwenye mabega ya fahali, na tangu wajuane humwita mwenzake Opiero, b ikigeuka p kinywani mwake. Kazi yake ni kulizungusha gogo linaloshikilia kamba. Lugha ya kamba wanaijua wawili tu: kuvuta mara moja ni ndoo, mara mbili ni ngoja, mara tatu ni nitoe.

Rodah alikuwa amewapikia chai. Obiero alitazama kwenye kikombe, akatazama mtungi uliolazwa ubavu mlangoni mwa jikoni, akajua kwamba maji safi ya mwisho ya boma hilo yalikuwa mkononi mwake. Utainywaje chai kama hiyo kisha useme hushuki?

"Hii kisima unaijua, Baba Vinny," Rodah alimwambia, akimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. "Ni wewe ulizaa."

"Ni mimi, Mama Benard. Itatoa maji tu."

Wakateremsha mshumaa ndani ya ndoo. Haukuzimika; hewa ilikuwa nzuri. Kisha Obiero akapiga goti, akachukua konzi kutoka kishimo cha kwanza, akaikamua. Akairusha, akaidaka. Donge. Akairusha tena, ingawa kanuni haikudai mara ya pili. Donge bado. Akajifunga kamba kiunoni, akasema sala fupi ya Kijaluo aliyofundishwa na mama yake, akashuka.

Msalaba wa kwanza ulikuwa kwenye futi kumi na mbili: 94, mwaka alipokichimba kisima hicho akiwa kijana. Hapo ndipo udongo wa baridi ulipokuwa ukianzia siku hizo, wakati wa kiangazi kikali. Aligusa ukuta. Mkavu. Futi ishirini na moja, 06. Mkavu. Alianza kuhisi jasho likimteremka masikioni. Futi thelathini na tatu, 17. Alibandika kiganja chote ukutani akingoja ile baridi aliyoizoea, ile inayokuambia kwamba uko karibu na maji, na ukuta ulikuwa na uvuguvugu wa mkate uliotoka jikoni asubuhi. Futi arobaini na nne, 22. Msalaba huo ulikuwa umepoteza mkono mmoja. Kipande cha ukuta kilikuwa kimedondoka.

Alishuka akipita miaka yake mwenyewe, na kila mwaka ulikuwa mkavu. Katika maisha yake yote hakuwahi kufika chini ya msalaba wa mwisho bila kuona unyevu. Joto la Soin, lile alilokuwa akilicheka, lilikuwa limepanda mlima kimya kimya na kumtangulia shimoni.

Kwenye futi hamsini mguu wa kushoto ulikanyaga kishimo, na kishimo kikamwagika.

Aliningʼinia kwenye kamba. Kitu chepesi kilianza kumwangukia mabegani, shaa, shaa, kama unga unaochekechwa. Alinyoosha mkono, akachukua konzi ya ukuta, akaikamua. Haikusubiri hata kurushwa. Ilimpita katikati ya vidole.

Hapo ndipo alipoelewa, na hofu ya miaka mitatu ikapata jina. Kishimo cha kwanza kiko mdomoni mwa kisima. Mdomoni ndipo Rodah humwaga maji kila siku akipokea ndoo, matone hapa, kijiko pale. Udongo wa hapo utashika donge hata dunia nzima ikauke. Kanuni ya mjomba Owino ilikuwa ya enzi ambazo juu na chini vilikuwa na unyevu mmoja. Kwa miaka yote hii amekuwa akipima matone ya ndoo, kisha anashuka kwa imani.

Akavuta kamba. Moja, mbili, tatu.

Gogo likalia juu. Akaanza kupanda, magoti yamekunjwa kifuani asiguse ukuta, macho yamefumbwa, vumbi likimjaa puani. Hakuomba. Alikuwa anahesabu misalaba bila kuiona. Njiani kamba ilisimama. Sekunde moja, mbili. Aliwaza kwamba Kiptanui ameondoka. Aliwaza vilevile kwamba hangemlaumu. Kisha kamba ikaendelea, haraka kuliko mwanzo.

Alipotoa kichwa nje, kitu cha kwanza alichokiona ni gamubuti za Kiptanui. Nyuma ya gamubuti hizo kulikuwa na ufa katika ardhi, upana wa kidole, umezunguka mdomo wa kisima kama mwezi mchanga. Kiptanui alikuwa amesimama upande mbaya wa ufa huo, jasho linachuruzika, akizungusha.

"Opiero, kaa kimya," alisema polepole. "Usiruke. Tampaa."

Obiero akaifungua kamba kiunoni, akatambaa kwa tumbo. Kiptanui akaliachilia gogo, akajitupa nyuma yake. Walikuwa wamefika kwenye mstari wa kwanza wa chai ardhi iliposhusha pumzi. Hapakuwa na kishindo kikubwa. Gogo liliinama, likaingia, kamba ikalifuata, na mdomo wote wa kisima ukaenda chini pamoja na kile kishimo cha kwanza. Kisha vumbi likatoka. Lilipanda taratibu, jekundu, likasimama juu ya shimo kwa muda mrefu. Obiero ameona mengi yakitoka kisimani, vyura, nyoka, mara moja redio ya mtu. Vumbi hakuwahi kuliona.

Rodah alisimama mlangoni mwa jikoni, mikono kichwani. "Mungu wangu," alisema. "Asubuhi nimesimama hapo nikivuta."

Neno hilo liliwapiga wote wawili kwa wakati mmoja. Obiero aligeuka kumtazama mwenzake na akamkuta hayupo. Kiptanui alikuwa anakimbia katikati ya michai, mabega yale ya fahali yakigonga matawi, akielekea nyumbani kwake. Kisima cha kwake Obiero alimchimbia mwaka wa tisini na tisa, bila malipo, kwa ajili ya urafiki. Bila pete.

Obiero akatoa simu. Alijaribu mara tatu kabla ya kumpata Celine.

"Uko wapi?" alimuuliza.

"Nitakuwa wapi? Niko kwa kisima, nachota. Umekula?"

"Mama Vinny, sikia. Rudi nyuma. Pole pole. Achana na hiyo kisima."

"Ngoja nitoe ndoo kwanza, imefika katikati."

"Celine!"

"Wee, usinipigie kelele, maji ndio hii kidogo nimebahatika."

Alisikia gogo la nyumbani likilia, lile ambalo kila wiki aliahidi kulitia mafuta. Kisima chao kina futi arobaini na saba. Alisimama kando ya vumbi la Rodah akihesabu vilio vya gogo hilo, kimoja kimoja, akiogopa kupumua asije akakosa kimoja. Tisa. Kumi. Kumi na moja. Ndoo ikagonga ardhi.

"Haya, imetoka," Celine alisema. "Nusu ni matope. Sema sasa."

"Toka hapo. Fika jikoni."

Akasikia hatua zake, kisha mlango.

"Niko jikoni. Kwani kuna nini, Baba Vinny? Unalia?"

"Hiyo kisima ziba na miiba. Hata wewe usikaribie. Udongo imekauka mpaka ndani, haishiki tena. Nilikosea, Celine. Nimekuwa nikiogopa na sikusema."

Celine alishusha sauti. "Na tutakunywa nini?"

Obiero alimtazama Rodah, na Rodah alikuwa anamtazama kwa swali lilo hilo. Ng'ombe mmoja alilia zizini. Akamwambia mkewe atampigia baadaye.

Vilibaki visima arobaini ambavyo wenyewe hawajaambiwa. Akaanza na Chepchumba wa Chepseon, mama wa watoto wanne, ambaye kisima chake kina futi sitini na mbili na ni cha tano tangu Obiero aanze kazi. Ilikuwa inakaribia saa saba, wakati ambao watoto hao hurudi kutoka shule kula na kuchota maji ya mchana. Simu ilikuwa inaita. Iliita mpaka ikakatika, akapiga tena.