Utando Mweupe Kinywani mwa Binti Yangu

Mke wangu alipokwenda Mbeya kumuuguza mama yake aliyefanyiwa upasuaji, majirani zetu wa Bulyaga walinipa pole kama mtu aliyefiwa. Waliona nimebaki na mtoto wa kike wa mwaka na nusu, cherehani barazani, na vitambaa vya sare za kwaya ambavyo nilikuwa hata sijaanza kuvikata.

Mimi sikuona sababu ya pole. Mtoto yule nilianza kumwogesha tangu kitovu hakijadondoka. Nilijua kilio chake cha njaa na kile cha hasira, nilijua uji wake unatakiwa uwe mzito kiasi gani. Mke wangu naye alijua kwamba ninajua, ndiyo maana alipanda gari asubuhi ile bila kunipa maagizo marefu. Alisema tu, "Kifua chake ukiangalie."

Kifua kweli kilikuwa kimemsumbua. Ulikuwa msimu wa mvua, zile mvua zetu ambazo nguo hukaa kambani mpaka zinaanza kunuka, na mtoto alikohoa hadi nikampeleka kituo cha afya. Alipewa dawa ya maji ya kuua bakteria, nikampa mpaka ikaisha. Kikohozi kikakata. Nikampigia mama yake simu kwa furaha na kumwambia binti yako amepona, yuko hapa anavuruga vifungo vyangu.

Kisha akaacha kula.

Mwanzoni alisukuma kijiko cha uji. Nilidhani uji ni wa moto, nikaupoza. Akausukuma tena. Nikampondea parachichi, ambalo siku zote hulila mpaka linafika kwenye nyusi. Alilipokea mdomoni, akatulia kidogo, halafu akalia huku ameachama, parachichi likamtoka na kuangukia kifuani. Nilimpakata nikawasha tochi ya simu nikamulika ndani. Ulimi ulikuwa umefunikwa na kitu cheupe kama maziwa yaliyoganda. Mashavuni kwa ndani vilevile, na pembeni mwa fizi. Nilichukua kitambaa safi, nikakilowesha, nikafuta taratibu. Maziwa yangetoka. Utando huu ulikuwa umeng'ang'ania, na pale nilipogusa pakabaki pekundu. Nikaacha hapohapo.

Jirani yetu anayekaanga maandazi alisikia kilio, akaja akachungulia. Ni mama mwema, mtoto wangu amekulia mapajani mwake. Lakini alipoona ule weupe alirudi nyuma na kushusha sauti, ingawa barazani hapakuwa na mtu mwingine.

"Baba, utando wa hivi nimewahi kuuona. Wale wagonjwa wa ule ugonjwa wetu, wakizidiwa, huwa nao."

"Ugonjwa gani, mama?"

"Unaujua. Nawe umpime mtoto. Na mama yake pia, maana huko Mbeya..." Hakumalizia.

Nilimwambia, bila kupandisha sauti, kwamba mimi na mke wangu tulipima pamoja kliniki wakati wa ujauzito tukaonekana salama, na kwamba mtoto nitampeleka akaangaliwe kesho asubuhi. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Sikumkasirikia. Ila maneno yake yalibaki pale, na nilipokaa tena kwenye cherehani nilishona mkono wa blauzi ndani nje, nikalazimika kuufumua.

Jioni ile mama yangu alifika kutoka Ikuti na mkungu wa ndizi. Alikuwa amepanga kuja kunisaidia, na alikuja bila kusubiri kuitwa. Mama ni mkulima wa ndizi na chai, na Kiswahili chake huwa kinapita kwenye Kinyakyusa kwanza. Aliniita tata, yaani baba, kama anavyoniita tangu utotoni, maana nimerithi jina la baba yake.

"Tata, mwana huyu amekonda."

Nikamweleza. Alimchukua mtoto, akamfungua mdomo kwa kidole gumba kama mtu aliyelea watoto saba, akaangalia.

"Kimeo," akasema. "Kimeshuka. Ndiyo maana alikohoa, ndiyo maana hali. Kesho twende Ikuti. Yule mzee bado anakata."

Nilimjua yule mzee. Alinikata mimi kimeo nikiwa na umri wa kukumbuka. Nakumbuka nimebanwa kati ya magoti ya mjomba, nakumbuka chuma kinachoingia kooni na ladha ya damu ambayo haikuisha mpaka siku ya pili. Nilikuwa sijamwambia mtu kwamba ninaikumbuka.

"Hakatwi, mama," nikasema.

"Wewe ulikatwa na ukapona."

"Nilipona. Huyu hakatwi."

Mama akinyamaza huwa si kwamba amekubali. Anakunja kanga yake, anaikunjua, anaikunja tena. Nilijua nikimpisha hata kidogo, asubuhi nitaamka nikute ameshambeba mtoto mgongoni kuelekea Ikuti. Kwa hiyo nikakaa chini karibu yake, nikamsimulia ile siku ya magoti ya mjomba, yote, na ile damu. Alisikiliza akiwa ameangalia sakafu.

"Nilikuwa nimesimama nje," akasema mwishowe. "Nilikusikia."

Baadaye akiwa anamenya ndizi akasema kama anayezungumza na kisu, "Basi twende wote huko kwenye kituo chenu. Nikasikie kwa masikio yangu."

Asubuhi tulikwenda chini ya mwavuli mmoja, mtoto katikati. Aliyetupokea alikuwa daktari wa kike, mdogo kuliko mimi, mwenye kikohozi chake mwenyewe. Alimpa mtoto kijiti cha mbao achezee, kisha mtoto alipoachama kukionja, akamulika ndani. Ilimchukua muda mfupi tu.

"Ni fangasi wa mdomoni," akasema. "Alikunywa dawa ya kuua bakteria hivi karibuni?"

"Ameimaliza juzi juzi, ya kifua."

"Ndiyo hapo. Dawa ile huua na bakteria wazuri wanaowazuia fangasi. Inatokea sana kwa watoto. Anatumia chupa?"

"Ya maziwa, usiku."

Mama yangu hakusubiri zamu. "Na kimeo?"

Daktari hakucheka. Alimwita mama asogee, akamulika tena, wakatazama wote wawili, vichwa vimegusana. "Kile kinachoning'inia kule nyuma, unakiona, bibi? Kiko sawasawa. Kila mtu anacho, na hakikatwi. Weupe uko hapa mbele, kwenye ulimi na mashavu. Ndio unaomuuma akila."

Mama alitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Kisha daktari akaniuliza kuhusu vipimo vya virusi, kwa sauti ileile aliyoulizia chupa. Nikamweleza yale ya kliniki. Akasema kwa mtoto wa umri huu sababu anaiona wazi, ila kama nitapenda, anaweza kumpima ili tutoe wasiwasi. Niliona mkono wa mama ukishika pindo la kanga.

"Mpime," nikasema. "Na mimi nipime."

Tulikaa kwenye benchi la korido kusubiri. Mvua ilipiga bati hivi kwamba hakuna aliyeweza kuzungumza. Sitasema sikuogopa. Nilimwamini mke wangu, nilijiamini, na bado mtu akiwa kwenye benchi lile mawazo humtembelea bila ruhusa. Mama alikuwa anasali Kinyakyusa, midomo tu ndiyo inacheza. Mtoto alikuwa amelala kifuani kwangu, pumzi yake ina harufu kama ya chachu.

Tulipoitwa, daktari alitabasamu kabla hatujakaa. Hatuna kitu, wote wawili. Mama akasema, "Ndaga," shukrani yetu ya nyumbani, akairudia, na daktari, ambaye si mtu wa huku, akaitikia vilevile.

Tulipewa dawa ya matone ya rangi ya njano. Nimpe baada ya kula, nigawe kulia na kushoto mwa mdomo ili ikae juu ya ule weupe, nisimpe maji papo hapo. Nisiache siku weupe unapoisha, niendelee kidogo. Chuchu ya chupa nichemshe. Bora zaidi, nimwachishe chupa kabisa atumie kikombe.

Mara ya kwanza aliitema yote. Ilitua kwenye kola ya sare ya soprano mmoja, na doa lake nilipambana nalo kwa sabuni na ndimu. Mara ya pili mama alimshika kichwa, na sote watatu tukakaribia kulia. Mara iliyofuata nilitumia akili ya fundi: nikamkalisha juu ya meza ya cherehani, nikazungusha gurudumu kwa mkono polepole. Akaliangalia huku ameachama. Tone kulia, tone kushoto. Akameza akasema "tena," akimaanisha gurudumu. Tangu hapo hatukushikana mieleka.

Mama ndiye aliyeichukua kazi ya chuchu. Aliichemsha kwa bidii mpaka ikalegea, kisha siku moja akaitupa na kuleta kikombe cha bati chenye mkono. Alimlisha ndizi zilizopondwa na maziwa yaliyopoa, na kila asubuhi alimpeleka mlangoni penye mwanga, akamfungua mdomo, na kunitangazia hali ya ulimi kama mtu anayetangaza hali ya hewa. Umebaki pembeni. Umebaki shavu la kushoto. Jirani wa maandazi alipopita kuulizia, mama alimwita ndani, akamwonyesha, akamweleza habari ya fangasi na ya kipimo bila kuficha neno. Yule mama akakaa, akaomba chai.

Mke wangu alirudi mama yake alipoanza kutembea mwenyewe. Alikuta sare zimeshachukuliwa na mtoto anakunywa uji kwa kikombe, nusu mdomoni, nusu shingoni. Nilikuwa nimemsimulia yote kwa simu, hata ya benchi, lakini akina mama hawatosheki na simu. Aliweka begi chini, akanawa mikono, akamkalisha mapajani kwenye mwanga, akaingiza kidole apapase mashavu kwa ndani.

"Safi," akasema, akiwa ananiangalia mimi. "Hamna hata... Aii!"

Binti alikuwa amefunga meno juu ya kidole, ameng'ang'ania, macho yakicheka.