Safari za Kwenda na Kurudi

Katika Nyakisasa yote, wilayani Ngara, hapakuwa na mtoto aliyechukia furushi kama Adelfina binti Minani. Mama yake akikunja nguo mbili tatu na kuzifunga pamoja ili akazifue mtoni, mtoto huyo alikuwa tayari kausimamia mlango. Halii, hapigi kelele. Anauliza swali moja tu:

"Nani anatufukuza?"

Theodosia, mama yake, alikuwa akijibu, "Hakuna, mwanangu," lakini jibu lenyewe halikumfika mtoto. Mwaka 1972 walitoka Burundi kwa miguu, wakipita migombani mchana na kulala popote pale, na walichobeba kilikuwa furushi moja. Tangu hapo kila furushi kwa Adelfina lilikuwa ni lile lile. Wakimbizi wengi walipelekwa Tabora kwenye makazi mapya, lakini Minani alikuwa fundi mwashi, na misheni ilikuwa na kanisa lisilo na paa. Wakamwombea ruhusa, akabaki. Kihangaza cha wenyeji na Kirundi chao ni ndugu wa tumbo moja, kwa hiyo ulimi haukuwatesa. Walipewa kipande cha shamba, wakapanda maharagwe na viazi, wakala. Kilichowatesa kilikuwa yule mtoto pale mlangoni.

Mwaka 1974 ikaja amri ya kuhamia vijijini. Safari hii waliofungasha si wakimbizi, ni wenyeji. Bernadetha, mke wa balozi wa nyumba kumi, aliishika migomba yake mmoja mmoja kama anayeaga maiti. Malori yakaja, mabati yakang'olewa, vyungu vikapangwa barabarani. Na Adelfina akatoweka. Walimtafuta kutwa nzima, kijiji kizima. Jua lilipokuwa linazama wakamkuta ndani ya kihenge kitupu cha nafaka, amejikunja, magoti kidevuni, hataki kutoka.

Usiku huo Theodosia alimwambia mumewe, "Baba Adelfina, mtoto huyu anaijua safari moja tu. Hajui kwamba watu huondoka kwao, wakatembea, wakarudi."

"Sasa tumpeleke wapi? Nchi hii hatuna shangazi wala mjomba wa kumtembelea."

"Basi hatutamtembelea mtu. Tutakwenda kutazama."

"Kutazama nini?"

"Kitakachokuwapo."

Minani alimwangalia mkewe kama aangaliwavyo mtu aliyepigwa jua. Lakini asubuhi alimfuata balozi, kwa kuwa mkimbizi hakuruhusiwa kuzurura bila taarifa. Mzee Celestini, ambaye nyumba yake mpya ilikuwa bado kuta tupu, alikuwa amekaa juu ya kinu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, fundi. Unataka kwenda wapi?"

"Pale mlimani, mzee. Na familia."

"Kuna nani pale mlimani?"

"Hakuna mtu. Mama Adelfina anataka tukatazame tu."

Celestini akacheka mpaka akakohoa. Halafu akafikiri kidogo, akasema, "Nendeni. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota. Mkiokota na mie mniletee."

Kabla hawajatoka, Theodosia alimwita bintiye jikoni. Akamwaga maharagwe kwenye chungu, akayatia maji, akafunika. "Umeona? Nimeyaloweka. Sasa niambie, mtu anayekimbia huloweka maharagwe?"

Adelfina alikitazama chungu kwa muda mrefu. Akasema, "Hapana."

"Basi twende."

Walipanda mlima, wakaona vilima nyuma ya vilima, na moshi wa mashamba yaliyokuwa yakichomwa. Wakala viazi vya baridi. Wakateremka. Chungu kilikuwa pale pale, maharagwe yamefura, na mtoto ndiye aliyekimbilia kuwasha moto. Alikula siku hiyo kama mkulima.

Hivyo ndivyo zilivyoanza safari ambazo Nyakisasa iliziita safari za Mama Adelfina. Mara moja walikwenda kutazama mashine mpya ya kusaga ya kijiji cha jirani, wakakaa kutwa wakiisikiliza. Mara nyingine ilikuwa sikukuu ya parokia ya mbali, si kwa ibada peke yake, bali kwa sababu Theodosia alisikia kengele yao ina sauti tofauti. Watu waliwacheka. "Warundi wale hawana jembe?" Jembe walikuwa nalo, shamba lao halikuwa na magugu, na mwenye macho aliliona. Waliokuwa wakicheka wakaanza kuuliza wakirudi, "Haya, leo mmeona nini?"

Kiangazi cha mwaka uliofuata wakapata lifti ya lori la ushirika hadi Rusumo, mpakani, kwenye maporomoko ya mto Kagera. Ngurumo ya maji waliisikia kabla ya kuyaona, na Theodosia alimwona mwanawe akikaza mkono. Hakumvuta. Alisimama naye pale alipotaka kusimama, mpaka mtoto mwenyewe akapiga hatua.

Ofisa wa forodha akawajia. "Mnavuka?"

"Hatuvuki, bwana. Tumekuja kutazama tu," Theodosia akajibu.

"Maporomoko? Mimi niko hapa mwaka wa pili, sijaona mtu aliyekuja kuyatazama." Akacheka, akawapeleka mwenyewe kwenye jiwe lililo salama, mbali na utelezi.

Maji yalikuwa yakianguka meupe kama unga, na ukungu wake ukawalowesha nyuso. Tangu wavuke mpaka, Minani hakuwa ametaja kwao hata kwa jina la kilima. Theodosia aliogopa kwamba safari hii amekosea, kwamba amemleta mumewe kwenye kidonda. Ndipo Minani akaonyesha kwa kidole upande maji yatokako.

"Mto Ruvubu wa kwetu unaingia humu, huko juu kidogo," akasema. "Haya yamepita shambani kwa baba. Nilipokuwa mdogo tulikuwa tukitega samaki, mimi na kaka zangu. Mmoja alikuwa anaogopa kambare kuliko chui."

Adelfina akacheka. Minani naye akacheka, kisha akajifuta uso, na kwa vile wote walikuwa wamelowa hakuna aliyejua ni maji gani. Aliendelea kusimulia mpaka lori lilipopiga honi: mama yake, ng'ombe mwenye pembe moja, kaka zake wote kwa majina. Theodosia alisikia mengine kwa mara ya kwanza.

"Na yakitoka hapa yanakwenda wapi?" Adelfina akauliza wakiwa juu ya magunia.

"Ziwani, wanasema."

"Basi tutakwenda na huko."

Ziwa lilikuwa mbali, ng'ambo ya Biharamulo, na kila mwaka lilipangwa likaahirishwa. Mara mvua, mara mimba: Theodosia akajifungua binti wa pili, wakamwita Auleria, mwenyeji wa Nyakisasa kwa kuzaliwa. Mwaka 1978 Minani alipata kazi ya kujenga madarasa Nemba, wilayani Biharamulo, akapanga chumba kwa mama mmoja mjane aitwaye Rozalia. Wakakubaliana kwamba mama na watoto watamfuata, na kutoka hapo wote wataendelea hadi Nyamirembe, kwenye gati, wakalione hilo ziwa.

Walifika Nemba. Siku chache baadaye redio ya Rozalia ikatangaza kwamba majeshi ya Uganda yamevuka mpaka na yamefika mto Kagera.

Habari ya ziwa ikaishia hapo. Malori ya jeshi yakaanza kupita kuelekea kaskazini, yamejaa vijana wanaoimba. Watu waliotoka kaskazini wakaja kwa miguu na vichwani mizigo. Theodosia aliyasikia malori yale akamtafuta Adelfina kwa macho, akitazama hata ndani ya mapipa ya maji ya ujenzi. Alimkuta uani, msichana mrefu sasa wa miaka kumi na tatu, anamchambulia Rozalia mboga. Uso wake ulikuwa umekauka, lakini yuko pale.

Rozalia alipokea wageni wawili: mwanamke aitwaye Benedicta, kutoka upande wa Kyaka, kando ya Kagera, na binti yake Domisiana, mtoto mdogo ambaye ndiyo kwanza ameanza shule. Nyumba yao ilikuwa imechomwa. Domisiana alikaa juu ya furushi lao pembeni mwa uzio, na hapo alishinda. Chakula alikula hapo hapo. Akilala, kalilalia.

Theodosia alitaka kwenda kusema naye, akaishia mlangoni. Alichokiona pale kilikuwa mwanawe mwenyewe. Aliyekwenda ni Adelfina. Aliketi chini kando ya furushi, akakaa mpaka mtoto akachoka kumchungulia.

"Nakwenda kisimani," akamwambia. "Nakwenda na kurudi. Ukitaka, twende. Furushi atalikalia mama yangu."

"Atalichukua."

"Mama!" Adelfina akaita. "Njoo ukalie hapa, usinyanyuke mpaka turudi."

Theodosia akaja, akaketi juu ya furushi la watu kama kuku atamiaye. Watoto walikwenda, wakarudi na ndoo. Kesho yake walifika kwenye madarasa, Minani akampa Domisiana kipande cha tofali achoree chini. Siku nyingine wakaenda mbali zaidi, hadi mjini Biharamulo kulitazama boma la Wajerumani, na Theodosia akafuatana nao, Auleria mgongoni. Mlangoni mwa boma mgambo akawazuia. Alikuwa kijana mwenye bunduki na wasiwasi, na lafudhi ya Theodosia ikamzidishia.

"Mnatafuta nini hapa? Wakati wa vita mnatazama majengo ya serikali? Nani kawatuma?"

Theodosia alihisi jasho la mwaka ule wa sabini na mbili likimtoka. Akasikia sauti ya Adelfina, tulivu, Kiswahili cha darasani.

"Shikamoo, kaka. Mtoto huyu amechomewa nyumba Kyaka. Anaogopa kila kitu. Tunamwonyesha kwamba mtu anaweza kwenda mahali na akarudi. Nyumbani tumeloweka maharagwe, tukichelewa yatachacha."

Mgambo akamtazama Domisiana, aliyekuwa amejificha nyuma ya sketi ya Adelfina. Bunduki ikahamia bega la pili. "Umetoka Kyaka, mdogo wangu?" Mtoto akatikisa kichwa kukubali. "Mimi nakwenda huko Jumatatu," kijana akasema, na sauti yake haikuwa tena ya mlinzi. "Haya. Tazameni ukuta, kisha mwende zenu. Msikae sana."

Wakautazama ukuta mweupe. Domisiana akaugusa.

Maadui walirudishwa ng'ambo ya mpaka kabla mwaka mpya haujafika mbali, na habari zilipotulia Benedicta alifungasha kurudi kwao kujenga upya. Domisiana ndiye aliyefunga furushi. Alilifunga vibaya, likafunguka njiani mbele ya nyumba, wakacheka, wakalifunga tena.

Kiangazi cha 1979 Minani alipewa lori la misheni lililokuwa likienda Nyamirembe kuchukua saruji. Alipofika Nyakisasa kuwachukua mkewe na watoto, waliokuwa wamerudi huko vita vilipotulia, alikuta barabarani kundi la watu na vikapu. Mbele kabisa alikuwepo Mzee Celestini, kavaa koti la harusi, na Bernadetha mwenye mwavuli.

"Balozi, kuna nani Nyamirembe?" Minani akamuuliza kwa uchokozi.

"Hakuna mtu," mzee akajibu. "Sogea huko, nipande."

Wakafika mchana. Maji yalikuwa makubwa mno. Bernadetha alirudi nyuma hatua kadhaa, akauliza ni nani aliyeyamwaga. Auleria aliingia hadi magotini na kanga ya mama yake mkononi. Mwanamke mmoja muuza samaki, Mzinza mwenyeji wa pale, akawasogelea na ungo wake.

"Karibuni, wageni. Mmetoka wapi?"

"Nyakisasa," Theodosia akasema, huku anachagua sato. "Ngara."

Alikwisha kumshika samaki mkia alipotambua alichokisema. Akageuka. Minani alikuwa amesikia. Alimpokea yule samaki, akampima kwa kiganja, akamwambia muuzaji kwamba huko kwao Ngara hakuna mtu atakayeamini ukubwa wake, basi amfungie vizuri asiharibike njiani.