Mwanga Katikati ya Mbao Mbili

Jumanne, tarehe 14 Machi. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, hakuna upepo.

Mafundi wenzake walimwita Rula, kwa sababu ya rula ya chuma asiyoiacha hata akienda kunywa chai. Alikuwa mjane wa miaka hamsini na mitatu, na kwa miaka ishirini na miwili kazi yake katika karakana ile ilikuwa moja: kunyoosha mbao kwa mashine. Ubao uliopinda unaingia upande huu, unapita juu ya visu, unatoka upande wa pili umenyooka. Mwenye karakana alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu mumewe.

Asubuhi ile shemeji alimsubiri mlangoni akiwa na mbao mbili za meza ya maktaba, alizozinyoosha Rula jana yake. Akasimamisha moja juu ya nyingine, akazielekeza dirishani. Zilikutana kwenye ncha tu. Katikati mwanga ulipenya.

"Unaona nini, shemeji?"

"Naona mwanga."

"Mimi naona mikono iliyochoka. Kuanzia kesho unahamia kwenye msasa. Mashine naishika mwenyewe."

Mafundi wakajifanya wana kazi nyingi. Rula alihisi masikio yakiwaka moto. Kupiga msasa ni kazi anayopewa mtu aliyeajiriwa juzi.

"Nipe siku ya leo nitafute tatizo."

"Tatizo gani? Ni kubonyeza tu. Sogea nikuonyeshe."

Akawasha mashine, akalaza ubao, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Chini ya mikono yake ubao ulilala bapa juu ya chuma. Alipouachia, ukarudia upinde wake uleule.

"Ni huu unyevu," alisema.

"Si unyevu. Ubao haubonyezwi, shemeji. Unasindikizwa."

"Basi usindikize na vigelegele!"

Mafundi wawili wakacheka. Rula hakucheka. Shemeji alipoingia ofisini, Rula alizima mashine, akachukua chuma kirefu kilichonyooka na kukilaza juu ya meza zote mbili za mashine, ya kuingizia ubao na ya kutolea. Karibu na visu chuma kiligusa vizuri. Mwisho wa meza ya kuingizia, karatasi iliyokunjwa mara nne ilipita chini yake bila kukwama. Meza ilikuwa imeinama. Akafuta vumbi la mbao pale mwishoni, akakuta alama nne za kutu, za mraba.

"Nani aliweka kitu hapa?"

Gundi, fundi wa kuunganisha mbao, akatazama juu kana kwamba anahesabu misumari ya bati.

"Gundi, nakuuliza wewe."

"Mama, mimi nina familia."

"Na mimi nina nini, kuku?"

Gundi akashusha sauti. "Kabati la chuma la mteja. Jumamosi, ulipokuwa umeshaondoka. Sakafu ilikuwa na maji, bosi akasema liwekwe juu ya mashine. Tulilitoa jana kabla hujafika."

Rula aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Umelikalisha kabati juu ya mashine siku mbili nzima, halafu unasema mikono yangu imechoka!"

"Kabati lenyewe halikuwa zito."

"Mlilibeba wangapi?"

Shemeji akachezea kalamu. "Wanne."

"Wanne!"

"Haya, basi, rekebisha. Ya msasa yamekwisha."

"Uliyasema mbele ya watu. Yafute mbele ya watu."

"Shemeji, usinipande kichwani," alisema, akashika simu ambayo haikuwa imeita.

Rula aliondoka na hasira yake nzima nzima. Nyumbani alikata vitunguu kwa kishindo mpaka binti yake akamnyang'anya kisu.

Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu, alikuwa wa kwanza kufika. Alikata vipande vya bati jembamba, akavipachika chini ya meza iliyoinama, akapima, akaongeza kimoja, akapima tena, mpaka karatasi ikakataa kupita. Kisha akakunja mikono na kusimama kando ya mashine. Mafundi wakafika, wakamwona, nao wakasimama.

"Mbona kimya? Bado mbovu?" shemeji aliuliza akiingia.

"Nzima. Nakusubiri wewe."

Shemeji alizungusha macho, akakuta kila jicho liko kwake.

"Kabati niliweka mimi," alisema haraka, kama anayemeza dawa chungu. "Mikono yake haina kosa."

Rula aliinua ubao wa kwanza, akaulaza upinde ukiwa juu na ncha zake zikigusa chuma, akawasha mashine.