Betri za Mashua ya Baba

Mota ilipoanza kulegea tulikuwa mbali na nchi kavu, mimi na baba yangu, ndani ya Ziwa Naivasha, na nilijua kuna shida kabla hajasema lolote kwa sababu mgongo wake ulinyooka. Baba akiwa majini hukaa ameinama, kiwiko juu ya goti, mkono kwenye mpini wa mota, kama mtu anayesikiliza redio. Mara akakaa wima.

"Ni nyasi," akasema. "Zimeshika mapanga ya mota."

Akaiinua mota kutoka majini. Mapanga yake yalikuwa safi, yanadondosha maji tu. Akairudisha chini, akazungusha mpini mpaka mwisho. Ilinguruma kidogo, ikazunguka polepole, ikanyamaza.

Baba alikuwa fundi kwenye karakana ya reli Nakuru mpaka alipostaafu akahamia Naivasha na kununua mashua ndogo ya faiba. Alivua tilapia kwa injini ya petroli hadi bega lake la kulia lilipoharibika, akashindwa kuivuta ile kamba ya kuwashia. Jirani mmoja mgeni, aliyekuwa akivua kwa kujifurahisha, alipohama alimwachia mota ya umeme. Haina moshi, haina kelele, inawashwa kwa kidole. Lakini ilikuja bila betri, nayo ilihitaji mbili zilizounganishwa pamoja. Baba akapata moja kuukuu kwa rafiki yake dereva wa lori pale Salgaa, akanunua nyingine mpya ya lori vilevile, akazifunga zote nyuma ya kiti. Zilikuwa nzito kiasi kwamba pua ya mashua iliinuka juu. Ili kupunguza uzito, akaacha kasia moja nyumbani.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa nimetoka Bondeni, Nakuru, ninakoshona nguo, kuja kumwona, maana tangu Mama afariki alikuwa akiishi peke yake. Aliponiambia twende ziwani nilikubali kumfurahisha. Sijui kuogelea.

"Baba, kasia lingine liko wapi?"

Yeye alikuwa anagusa betri moja, kisha nyingine, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Upepo wa Naivasha hulala asubuhi na kuamka mchana. Ulikuwa umeamka. Ulitusukuma kwa ubavu kuelekea upande wa mafunjo, kule ambako tangu maji yapande migunga imekufa ikiwa imesimama ziwani. Baba alipiga kasia kulia, halafu kushoto, kwa mkono mmoja mzuri, na mashua ikawa inazunguka tu. Nilimpokonya kasia nikajaribu mimi. Nilijirushia maji magotini.

Hapo ndipo nilipowaona. Mwanzoni nilidhani ni mawe. Kisha jiwe moja likatikisa masikio.

"Weka kasia chini," Baba akasema kwa sauti ndogo. "Usipige maji. Usiongee."

Kiboko mmoja alikuwa akitutazama. Alipumua, sauti kama breki za lori, kisha akazama. Nilikuwa nimemwogopa alipokuwa juu; alipozama nilijua bado sijaogopa. Mapovu yalitokea, yakaja upande wetu, yakakoma. Niliyatafuta maji yote kwa macho. Ninakumbuka niliiangalia sana suruali ya Baba, jinsi alivyoikunja sawasawa miguu yote miwili, nikawaza kwamba nani atampigia pasi nguo ya kumzikia, mimi au ndugu yangu, halafu nikawaza kwamba mimi nitakuwa nimekufa pia.

Kitu kikapita chini yetu. Hakikutugonga. Kilikwaruza tumbo la mashua kutoka mbele hadi nyuma, polepole, na ubao niliokalia ukatetemeka. Baba akaushika mkono wangu. Sikumbuki kama aliwahi kuushika tangu nilipokuwa mdogo. Mkono wake ulikuwa baridi kuliko wangu.

Upepo, ule ule uliotutia mashakani, ukatusukuma mpaka kwenye mgunga uliokufa. Baba akalidaka tawi, tukafunga kamba. Nilipiga simu kwa kijana wa bichi, pale mashua zinapofikia, anayependa kununua samaki wa Baba. Iliita weee, hakuna jibu. Nikapiga tena. Nikapiga tena. Mwishowe mwenye mashua ya kutembeza wageni, akipita mbali na injini yake ya petroli, aliona kanga yangu niliyokuwa nikiipunga. Alipofika hakuuliza mengi. Alitazama zile betri akasema, "Mzee, hizi ni za kuwashia injini ya lori, si za kutembeza mashua," akaturushia kamba.

Nyumbani nikasema ile mota itupwe.

Baba alikuwa kwenye kiti chake, bado amevaa viatu vilivyolowa. "Nikikaa hapa kila siku natazama ukuta," akasema, "utakuja kunikuta nimekauka hapa hapa. Nitarudi ziwani. Kama si kwa mota, kwa kasia."

"Kwa bega gani?"

"Hili."

Nilimjua. Kwa hivyo, badala ya kumkataza, nikachagua kuogopa nikiwa karibu naye. Wiki iliyofuata nilimpeleka kwenye duka la vifaa vya sola huku Nakuru, si mbali na ninaposhonea. Mwenye duka ni mama wa rika langu. Nilimweleza yaliyotupata, na nilipofika kwenye mapovu nikashindwa kuendelea, Baba akamalizia.

"Pole, mathe," mwenye duka akaniambia. "Sasa sikilizeni. Betri ya lori imetengenezwa itoe nguvu nyingi mara moja, injini iwake, basi. Ukiivuta taratibu asubuhi nzima unaiua. Na ukifunga nzee na mpya pamoja, ile nzee inachoka mapema, yote inasimama."

Baba alitazama sakafu. "Reli tulikuwa hatuchanganyi," akasema. "Nilijua. Nilitaka tu kutoka."

Mama yule akatuonyesha aina mbili. Ya kwanza ilikuwa ya madini ya risasi kama zile za zamani, lakini ya kazi ndefu, imefungwa kabisa hata ikilala ubavu haimwagi asidi. Zingehitajika mbili, na nilipojaribu kuinua moja kiuno kilinilia. Ya pili ilikuwa lithiamu, moja tu inatosha mota, na Baba aliibeba kwa mkono wa kushoto.

"Hii," Baba akasema papo hapo.

"Tofauti yake nyingine?" nikauliza.

"Ya risasi ikiisha inakuonyesha. Mota inapungua, inapungua, unajua urudi. Lithiamu inaenda na nguvu ile ile mpaka mwisho, halafu inajikata yenyewe. Inazima kabisa."

Pale pale dukani, mchana, niliyaona yale maji.

"Tunachukua za risasi," nikasema.

"Nani atazibeba hadi bichi?" Baba akauliza. "Wewe uko huku."

Nilianza kumwona akianguka kwenye kinjia cha mawe kinachoshuka bichi, betri kifuani, hakuna mtu. Kila nilikogeuka kulikuwa na namna ya kumpoteza. Nilimuuliza yule mama kama lithiamu inaweza kuwaka moto ndani ya nyumba. Akasema aina ile ni tulivu, ila tusithubutu kutumia chaja ya zamani, na isichajiwe mtu akiwa amelala. Kisha akaleta mita ndogo, ya kufungwa mbele ya macho, inayoonyesha kiasi cha umeme kilichobaki.

"Ikifika nusu unageuza," akamwambia Baba. "Si ikikaribia kuisha. Nusu."

"Nusu," Baba akasema.

Tukachukua lithiamu, chaja yake na mita. Nilinunua pia majaketi mawili ya kuokolea, na Baba hakubisha.

Jaribio tulilifanya kandokando ya bichi, maji ya kiunoni. Pua ya mashua ilikaa chini vizuri, makasia yote mawili yakiwa ndani. Tulienda na kurudi, kwenda na kurudi, mpaka wanawake waliokuwa wakipara samaki wakaanza kutucheka. Mita ilipofika nusu nikasema tutoke.

"Hapana," Baba akasema. "Leo nataka uione ikikata. Uione hapa."

Nilimsihi. Akaendelea. Nilikaa nimeshika kingo za mashua huku na huku, macho kwenye mita, na mota haikupungua hata kidogo, ilienda kama iliyotoka kuchajiwa. Kisha kimya. Nilipiga kelele. Ningeweza kusimama majini na kutembea hadi nchi kavu, nilijua, na bado nilipiga kelele mpaka wale wanawake wakasimama.

Baba alingoja nimalize. "Sasa shika makasia," akasema. "Yote mawili. Vuta pamoja. Pole pole, mama. Vuta."

Nikavuta. La kushoto liliteleza, nikajaribu tena, na mashua ikasogea mbele kwa mkono wangu.

Sasa anatoka kila asubuhi upepo ukiwa umelala, na akirudi ananipigia simu. Nikiwa kwenye cherehani huwa nimeiweka simu juu ya kitambaa mbele yangu. Siku moja alichelewa nikashona mkono wa gauni la mteja shingoni. Alikuwa amesimama njiani kumuuzia mtu samaki. Nilimfokea sana, naye akasikiliza, kisha akaniuliza nitakuja lini, maana anataka tukavue pamoja.

Mara mbili nimeenda. Mara zote mbili niliyashikilia makasia yote mawili hadi tuliporudi, ingawa mota haikuzima.