Menyu ya Kushoto

Mbunifu wetu wa programu ya zahanati hakai. Husimama mbele ya skrini kubwa, husogeza menyu ya pembeni, huirudisha, hung'ata kifuniko cha kalamu, na kuuliza, "Sasa inaonekana?" kabla hujafungua mdomo. Wiki tatu alipigania menyu hiyo ikae kushoto. Kisha zahanati moja huko Katito ikalalamika kwamba ukurasa wa chanjo haupatikani, tukaenda. Mama wa mapokezi alikuwa ametandika kitambaa cha kufuma juu ya kompyuta, kikaning'inia na kufunika upande wote wa kushoto. "Hiyo ni ya kuzuia vumbi, madam," alisema. Mbunifu alinyanyua pindo, akaiona menyu yake, akakiteremsha kitambaa taratibu. Akavuta kiti, akaketi. "Mama, nikiihamishia kulia, utaiona?"