Mtaro wa Siku Tisa

Ijumaa, tarehe 26 Juni 2009. Baridi kavu asubuhi, upepo wa vumbi kutoka mashariki, mawingu hakuna. Siku hiyo, jua likiwa bado halijapata nguvu, maksai wa Domitila alitumbukia mtaroni hapa Dutwa, akavunjika mguu wa mbele.

Mhoja Jilala aliusikia mwano, yowe la kuomba msaada, akakimbia akiwa amevaa kiatu kimoja. Alikuta mkokoteni umelala ubavu, magunia yamepasuka, pamba nyeupe imetapakaa vumbini. Maksai mwekundu alikuwa anakoroma ndani ya mtaro, mwenzake amebaki juu, nira inamkaba. Magogo matatu yaliyowekwa kuwa daraja yalikuwa yameteleza. Udongo wa mbuga ukikauka humeguka kama kiporo cha ugali.

Wanaume walimvuta yule maksai kwa kamba, wakamtazama mguu, wakamchinja palepale. Domitila, mjane mwenye watoto wanne, hakulia. Alimgeukia Mhoja.

"Nsumba ntale," alimwita kwa cheo chake, cheo cha kiongozi wa kundi la kulima pamoja, "uliniambia katikati ya mwezi wa sita mtaro utakuwa umefukiwa. Leo tarehe ngapi?"

"Ishirini na sita, mayu, mama yangu."

"Na mvua za kupandia zikija, nitalima na nini? Nikufunge nira wewe?"

"Mfunge!" mtu mmoja alisema nyuma. "Mchimba mtaro kaingiza ng'ombe wa mwenziwe."

Watu walicheka, lakini kicheko chenyewe hakikuwa na furaha.

Mambo yalianza baada ya Pasaka. Msimamizi wa mkandarasi, aliyeitwa Constantine, alikuja kijijini akaeleza kwamba mkongo wa intaneti unaletwa kwa meli, unalazwa chini ya bahari. Ukifika pwani utaunganishwa na waya utakaopita ardhini mpaka huku. Simu zitakuwa rahisi. Bei ya pamba itajulikana siku hiyohiyo. Shule itatumia zile kompyuta tano zilizofunikwa kitenge tangu mwaka juzi. Alitaka watu wa kuchimba kilomita nne kando ya barabara. Mhoja alisimama mkutanoni, akawaomba wenye miji, yaani wenye kaya, waruhusu mtaro upite mbele ya milango yao, akaapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba katikati ya mwezi wa sita utakuwa umefukiwa. Watu walikubali kwa sababu yake. Constantine hawakumjua.

Constantine aliwaagiza wachimbe mita mia, wangoje waya, ndipo waendelee. Miezi miwili ingetosha. Kosa lake ni kwamba upande wa pili wa kazi aliwapa kundi la kijiji jirani. Ukiyakutanisha makundi mawili ya Wasukuma yenye majembe, usitegemee kwamba kuna atakayengoja. Sayi, mpiga ngoma wa Mhoja, alianza kupiga alfajiri. Majembe yalirushwa juu yakazungushwa na kudakwa, nyimbo za kuwatukana wale wa upande wa pili zikatungwa kila siku mpya. Siku ya tisa mtaro wote ulikuwa umekwisha, wenye kina cha kufika kifuani. Walichinja mbuzi. Mhoja alibebwa mabegani kwa kuwa kundi lake lilikuwa limewashinda wenzao kwa hatua sitini.

Mtaro ukabaki wazi. Wiki zikapita, hakuna waya.

Mchana ule wa Ijumaa Mhoja alipanda baiskeli mpaka Bariadi mjini, kwenye chumba alichopanga Constantine kuwa ofisi. Hakusubiri kukaribishwa.

"Waya uko wapi?"

"Marahaba," alisema Constantine kwa kejeli, ingawa Mhoja ndiye mkubwa na hakuwa amemwamkia. Kisha akaweka kalamu chini. "Meli imechelewa, mzee. Baharini kuna maharamia, wale wa Somalia. Sasa wanasema mwisho wa Julai. Labda Agosti."

"Maharamia wa Somalia wanajuana wapi na ng'ombe wa Domitila?"

"Punguza sauti."

"Mwezi wa tano ulisema meli inapakia. Mwezi huu ulipoanza ukasema ipo njiani. Leo maharamia. Nikirudi wiki ijayo utaniambia nini, nyangumi kaimeza?"

Karani aliyekuwa kwenye meza ya pembeni alijificha nyuma ya faili. Constantine hakucheka.

"Nani aliwatuma mchimbe kwa siku tisa? Ratiba nilikupa mkononi. Mngeifuata, leo shimo lililo wazi lingekuwa mita mia tu, tena hukohuko porini. Mmechimba kama mnafukuzwa, halafu mnakuja kunifokea mimi?"

Ilikuwa kweli, na ukweli huo ulimchoma Mhoja kuliko zile tarehe za uongo.

"Tena msifukie," Constantine aliongeza. "Mtaro ni mali ya mradi. Atakayetupa udongo mle ataongea na polisi."

Jumamosi jioni watu walikutana uwanjani. Mhoja aliwapa habari kama alivyozipokea, za meli na za maharamia, na kila neno lilizidi kuwachafua.

"Intaneti haijafika, tayari imekula ng'ombe!"

"Na ikifika itakula nini?"

"Sisi tunaishi kama panya, kuruka shimo kwenda chooni. Mwanangu kaanguka mle mara mbili!"

Mwenyekiti wa sungusungu aliwanyamazisha. Alisema Constantine hawamjui, na meli hawawezi kuihukumu. Wanayemjua ni aliyeapa. Ikiwa kesho jua litazama na milango ya watu bado imezibwa na shimo, Mhoja atatengwa. Hakuna atakayemsalimu wala kumpa moto, na akipiga mwano hakuna atakayeitika.

Mhoja aliligeukia kundi lake. "Nani atafukia na mimi?"

Sayi alikuna shingo. "Nkoi, rafiki yangu, wewe unajua nina kesi ya mwaka jana haijaisha. Polisi wakiniona tena watanipa kabisa kitanda."

Wachache walicheka. Mhoja alifoka. "Mtaro mlichimba wote! Mbuzi mlikula wote, mifupa mkatafuna! Leo hii mtaro umekuwa wa Mhoja?"

"Kuchimba mlichimba wote," Domitila alisema akiwa amekaa chini, hata hakuinua sauti. "Kuapa uliapa wewe."

Mhoja alimtazama, akatazama watu, akaondoka. Hasira yake ilikuwa imekosa pa kwenda. Kwa meli haikufika, kwa Constantine ilirudishwa, na kwa Domitila haikupata hata mlango.

Jumapili asubuhi, kengele ya kwanza ya kanisa ilipogongwa, Mhoja alikuwa tayari mbele ya mji wa Domitila na jembe na koleo. Alikuwa amempigia Constantine kwa vocha yake mwenyewe, akamwambia, "Naanza kufukia, naanzia kwa mjane. Mimi ni Mhoja Jilala wa Dutwa, andika jina vizuri," akakata. Alitupa udongo peke yake, bila ngoma, bila wimbo, akiushindilia kwa miguu kila baada ya koleo ishirini, mpaka upana wa mkokoteni mmoja ukapatikana. Kisha akamleta maksai wake mweusi kutoka zizini, akamfunga nira pamoja na yule wa Domitila aliyebaki, akauvusha mkokoteni wa pamba mpaka barabarani. Akamkabidhi Domitila kamba, akarudi kuchukua koleo, akahamia mlango wa jirani.