Kinyozi Aliyetokwa na Misemo

Kabla ya kiharusi, kinyozi alikuwa mtu wa maneno. Watu walikwenda kibandani kwake hata kama walinyolewa juzi, wakakae tu wamsikilize. Mwenye kipara akiingia, aliulizwa amekuja kunyolewa au kupigwa pasi. Mkewe, fundi cherehani, aliolewa naye kwa sababu ya vicheko hivyo, na hakuwahi kuvijutia.

Kisha siku moja mkono wa kulia ukamlegea, mashine ikiwa kichwani mwa mteja. Alirudi kutoka hospitali akiburuta mguu. Kuongea aliongea, tena vizuri, ila pole pole. Misemo ndiyo iliyomtoka. Kila neno alilichukua kama lilivyo.

Jirani alikuja kumpa pole. "Piga moyo konde, kaka," akamwambia.

Kinyozi akakunja ngumi ya kushoto, akajipiga kifuani. Pu! Akajipiga tena, mpaka mkewe akamshika. Jirani alishindwa kujizuia. "Jamani, utatuvunja mbavu!"

"Nisamehe," kinyozi akasema, machozi yakimlengalenga. "Sikutaka kumvunja mtu."

Tangu hapo mkewe akawa mkalimani wa lugha moja. Miguu ikikanyaga cherehani, mdomo ukieleza. Alipoulizwa mkono wa birika ni nini, alilitoa birika jikoni akaliweka mezani.

"Utazame mkono wake. Umejipinda kiunoni, haunyooki kumpa mtu. Ndiye bahili huyo."

"Lakini birika linamimina chai. Bahili hamimini."

Mke akarudi kwenye pindo lake.

Siku nyingine ikawa kumpa mtu kisogo. Huo aliuonyesha kwa kugeuka ukutani. "Unauona uso wangu?"

"Siuoni."

"Basi ndiyo hivyo. Anayekupa kisogo hataki hata mkutane macho."

Kinyozi akawaza kidogo. "Kama mdogo wangu?"

Mke alibaki ameutazama ukuta. "Eeh. Kama mdogo wako."

Alichoka mama huyu. Kumwinua mume, kumwogesha, kumvisha, kushona nguo za watu, halafu kufafanua kila sentensi iliyoingia mlangoni. Kulikuwa na siku alitamani wageni waje wakae kimya.

Huyo mdogo mtu, dereva wa lori, hakuonekana tangu hospitali. Alikuja alasiri moja na mfuko wa machungwa, akaketi karibu na mlango, funguo mkononi.

"Shemeji, msiwe na wasiwasi," akasema. "Sisi ni damu moja. Nitawashika mkono."

Kinyozi akanyoosha mkono wake wa kushoto. Dereva akaupokea kama salamu, akataka kuuachia. Kinyozi akaung'ang'ania.

"Umesema utashika."

"Nilikuwa na maana nitasaidia, kaka."

"Basi saidia. Nataka kuoga."

Hakuwa akitania, utani ulishamtoka. Dereva akamtupia shemeji yake jicho la kuomba kuokolewa. Siku nyingine mke angemwokoa, angesema msamehe, haelewi. Leo hakuwa na nguvu ya kutafsiri.

"Maji yamo kwenye ndoo," alisema. "Mguu wa kulia hauna nguvu, atangulize wa kushoto."

Wakaondoka wameshikana mikono, wanaume wazima wawili, hatua kwa hatua. Kutoka bafuni mke alisikia maji, akasikia dereva akiuliza kwa sauti ndogo, "Hapa? Inauma?" Baadaye mmoja wao alikuwa akilia au akicheka, hakuweza kujua nani. Alidhamiria kumaliza pindo. Akalaza kichwa juu ya kitambaa, kidogo tu.

Alipozinduka, jua lilikuwa limehama dirishani. Kinyozi alikuwa ameketi na shati safi, vifungo vimepishana. Dereva, suruali imelowa hadi magotini, alikuwa akimmenyea chungwa.

"Shemeji," akasema bila kuinua macho, "kumbe ndiyo kazi yenyewe hii? Kila siku?"

"Kila siku."

Dereva hakugeuka malaika. Juma lililofuata alikuja, lililofuata akapotea, kisha akaanza kuja kila asipokuwa safarini. Kinyozi hakurudiwa na misemo yake, na kibanda akapewa kinyozi mwingine. Ila siku za dereva, mke wa kinyozi alimwekea taulo na sabuni mlangoni, akaingia chumbani akajinyoosha kitandani bila hata kuvua viatu.